Mwaka Sauti Yangu Ilipomuua Justin

Ujumbe uliingia kwenye simu asubuhi, nikiwa nimeiinamia kompyuta ya mteja katika kibanda changu hapa Masisi, mashariki mwa Kongo, bisibisi nimeibana kwa meno. "Familia ya Mama Yosefina wa Buleusa inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki kifo cha mtoto wao mpendwa Justin, mtangazaji wa Nyabiondo." Nikacheka. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilicheka mpaka bisibisi ikaanguka, na mteja akaniuliza, "Dada Riziki, iko habari nzuri?" Nilicheka kwa sababu maneno yale, kwa mpangilio uleule, niliyatunga mimi mwenyewe karibu miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo Justin hakuacha kunitania kwayo. Kila Mwaka Mpya alinipigia simu: "Muuaji wangu, ungali muzima?" Basi nikajua ni yeye, utundu umempanda tena. Nikapiga namba yake ili nimtukane vizuri. Akapokea mke wake. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wakilia, kilio kile ambacho hakuna anayeweza kukiigiza. Nilikaa sakafuni kati ya nyaya, nikamwomba mteja aende, arudi kesho.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijiona najua kompyuta kuliko watu wote wa Masisi, jambo lililokuwa rahisi maana wenye kompyuta walikuwa wachache. Redio yetu ya Nyabiondo ilikuwa nyumba ya mbao ya vyumba viwili juu ya kilima. Chumba cha kwanza kilikuwa studio: mablanketi yamepigiliwa misumari ukutani kuzuia mwangwi, trei za mayai darini, meza moja na maikrofoni mbili, moja yao nzima. Chumba cha pili kilikuwa ofisi, ghala na mahali pa kulia. Nyuma palikuwa na jiko la mafiga matatu ambapo chungu cha maharagwe kilichemka tangu asubuhi, na kwa kuwa mbao zile zilikuwa na nafasi, wasikilizaji walizoea kusikia habari za mkoa pamoja na mfuniko wa chungu ukigongagonga. Watu wa kudumu tulikuwa wawili: mimi wa mashine, Justin wa sauti. Yeye alikuwa mrefu, mpole, mzaliwa wa Buleusa kule Walikale. Asubuhi alirekodi komunike za watu, na saa sita mchana mashine ilizicheza: nani amepoteza mbuzi, nani anatafuta mtoto waliyeachana naye njiani wakati wa kukimbia, nani amekufa. Zile za vifo watu walizisikiliza wakiwa wamesimama. Ukisikia jina la mtu wako huulizi mara mbili. Unabeba kuni, unashika njia. Kuni hasa, kwa sababu kilio ni moto wa siku nyingi na mwenye msiba hawezi kwenda porini kukata.

Kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu redio ikinyamaza, hakuna anayesema mashine imeharibika. Wanasema vita imefika. Wiki chache kabla ya siku ninayoisimulia, waya mmoja ulichomoka tukakaa kimya kwa muda wa kuchemsha chai. Niliporudisha sauti nikachungulia dirishani: soko la chini ya kilima halikuwa na mtu hata mmoja. Mihogo imeachwa juu ya mikeka, kiatu kimoja cha mtoto katikati ya njia. Mama mmoja mjamzito alikuwa ameanguka mtaroni akikimbia. Justin alishuka mbio kuwaita watu warudi, na aliporudi yeye mwenyewe alikaa mbele ya sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, bila kuigusa. "Riziki," akasema, "kunyamaza kwetu kunaweza kuua muntu. Haiwezi kurudia tena." Nikamwambia haitarudia, nikaendelea kula. Sikujua kwamba mwenzangu alikuwa ameweka nadhiri.

Mashine ile, kompyuta yetu ya studio, tuliwekewa na Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la paneli za jua na pikipiki za mizigo hapo Nyabiondo, Mkatoliki wa kufunga duka Jumapili hata mteja akilia mlangoni. Programu aliyotuwekea ilicheza muziki na kujua saa ya kila kipindi. Maagizo yake yote yalikaa katika faili moja ya mipangilio, maandishi matupu, kila mstari na jambo lake. Mstari mmoja niliuongeza mimi. Uliiambia programu: kabla ya saa ya komunike, nenda kaendeshe skripti hii, kisha cheza itakachokuletea. Skripti ni amri chache tu ambazo mtu ameziandika mahali pengine, na mashine inazitii neno kwa neno. Yangu iliingia kwenye folda ya siku, ikakusanya komunike na kuzipanga. Kazi iliyokuwa ikimla Justin saa nzima ikawa ya kufumba na kufumbua. Papa Kasereka alisimama nyuma yangu akitafuna karanga. "Sawa," akasema, "lakini hapa njo umefungua mulango. Kila siku mashini itatoka inje kutii karatasi. Karatasi iko ya nani? Nani anaweza kuigusa?" Akanieleza kwa subira. Niiweke mahali ambapo mtu mmoja tu anaweza kuibadilisha, wengine waisome tu. Nisiiache itembee na mamlaka ya mwenye mashine, bali nimtengenezee mtumiaji mdogo, anayeona folda moja basi. Na ikirudi mikono mitupu, programu icheze wimbo uliowekwa tayari, isiende kutafuta mengine. "Mutoto ukimutuma kitu ya ajabu, atakuuliza kwanza," akasema. "Mashini haiulizi." Nikaitikia ndiyo Papa, ndiyo Papa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuacha kusikiliza.

Sikufanya hata moja. La wimbo nililiahirisha mpaka mvua ipungue, na hilo la kufunga nililikataa moyoni. Kwenye mashine palikuwa na folda niliyoiita SALONGO, kama ile kazi ya pamoja ambapo kijiji kizima kinatoka na majembe kutengeneza barabara. Humo kila mmoja wetu aliweka na kurekebisha atakacho. Kwetu ukikuta shamba la jirani limebaki mistari miwili na yeye anaumwa, unamalizia bila kuuliza, na kesho hakuna anayekushukuru kwa sababu ni kawaida. Kumfungia Justin folda ilikuwa sawa na kumwita kaka yangu mwizi. Skripti nikaiweka humo, na nikaiacha itembee na funguo zote za mashine. Halafu kuna lile ambalo hata leo nikilikumbuka napata joto masikioni. Nilihitaji sauti ya kujaribia. Mvua ilikuwa inanyesha, Justin anakula mbele yangu, nikashika maikrofoni nikatangaza kifo chake, kwa sauti nzito ya msiba, na jina la mama yake ndani. Yeye alicheka mpaka akanitupia punje ya haragwe. "Acha, utaniletea mikosi!" Kifo hakitaniwi, hilo nililijua tangu utotoni. Nikaihifadhi sauti ile, kwa jina la komunike kama nyingine, katika folda yangu binafsi, nikaisahau.

Siku yenyewe nilikuwa Lushebere, kambini, kukusanya komunike za watu waliohama vita na kupotezana, na mvua ikanizuia huko siku ya pili. Saa sita ilinikuta katika kibanda cha Mama Odette, aliyekuwa akiwasemea wanawake wa kambi. Tulikuwa watu sita kuzunguka bugali moja, redio ndogo imening'inizwa kwenye kijiti. Muziki ukakatika, kengele ya komunike ikalia, halafu nikasikia sauti yangu. Sauti yangu ilisema Justin amekufa. Nataka nieleweke: mimi niliyeyatunga maneno yale nilishtuka kuliko wote. Kwa pumzi mbili tatu niliamini. Niliona kabisa uso wake umefunikwa. Tonge lilikuwa mkononi na sikujua nilipeleke wapi. "Dada," akasema Mama Odette, "ile sauti haiko yako?" Nikasema ni yangu. "Sasa umesoma saa ngapi, na uko hapa unakula na siye?" Nikalirudisha tonge sahanini. Mwanamke mmoja pembeni alikuwa ameshaanza kulia, kwa kuwa Justin ndiye aliyesoma jina la binti yake siku kwa siku mpaka akapatikana. Mashine ilirudia mara tatu, kama tulivyozoea kwa vifo. Mara ya tatu ilinikuta nje, viatu mkononi, naita pikipiki.

Barabara ilikuwa tope tupu na tulianguka mara mbili. Kila kilima nilichopita nilikuta watu wamebeba kuni mgongoni, wanaelekea kule ninakoelekea mimi. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba si kweli, lakini sikuwa na hakika tena na lolote. Ua wa redio ulikuwa umejaa. Rundo la kuni lilinifika kifuani. Na katikati ya watu alisimama Justin ndani ya sweta yake ya bluu, bibi mmoja anampapasa uso, yeye anarudia tu, "Niko muzima, mama. Niko muzima." Nilimpiga kofi kwanza, ndipo nikamkumbatia. Alikuwa ameshuka sokoni kununua chumvi, akiiachia mashine kazi, akasikia kifo chake kwenye redio ya muuza chumvi. Yule muuzaji aliinua macho, akamwona marehemu amesimama mbele yake, akakimbia akiacha meza na chumvi yote. Mpaka Justin anapanda kilima na kushika maikrofoni aseme yu hai, watu walikuwa njiani, na aliye njiani habebi redio. Tuliwasihi warudi na mizigo yao. Mzee mmoja, Papa Bauma, akakalia kifurushi chake. "Kuni ya kilio hairudi nyumbani," akasema. "Ukiirudisha, inaita mwingine." Hakuna aliyerudisha hata ukuni mmoja. Tulipikia kuni zile miezi miwili.

Alasiri Papa Kasereka alifika, akaketi mbele ya mashine bila kuvua koti la mvua. Akafungua faili ya mipangilio, akauona mstari wangu, akaufuata mpaka SALONGO, akaifungua skripti. Chini kabisa palikuwa na mistari ambayo sikuiandika. "Nani ameandika hii?" akauliza. Justin akainua mkono. "Njo miye, Papa. Folda ya leo ilikuwa tupu, watu hawakufika sababu ya mvua. Riziki haiko. Niliogopa tutanyamaza tena. Nikaongeza: kama hakuna kitu, tafuta komunike yoyote mu mashini yote." Haikuwa imeandikwa vibaya, mimi ndiye niliyemfundisha. Komunike za zamani tulizifuta kila jioni, kwa hiyo iliyobaki katika mashine nzima ilikuwa moja tu, ile yangu. Mtumiaji mdogo asingeweza kuingia folda yangu, angerudi mikono mitupu na wimbo ungecheza. Lakini skripti yangu ilikuwa na funguo zote, ikapita mlango kwa mlango mpaka ikamkuta maiti chumbani kwangu. Nilingoja Papa Kasereka anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Huyu alimalizia shamba ya mwenzake. Weye njo uliacha panga mu majani." Hapo Justin akasimama ghafla. "Mama," akasema. Sote tulikuwa tumeisahau Buleusa. Mama yake, mjane, kila saa sita alifungua redio ili tu asikie sauti ya mwanawe, na simu huko wakati ule haikushika.

Tangu hapo mpaka usiku Justin alikaa kwenye maikrofoni. "Mama, njo miye. Niko muzima. Usitoke nyumbani." Mimi nilikaa upande wa pili wa meza, siwezi hata kumpelekea maji. Na Mama Yosefina hakusikia, kwa sababu alitoka kabla ya tangazo kurudiwa mara ya tatu, kifurushi cha kuni mgongoni, kutoka Buleusa, njia ya siku kadhaa kwa miguu. Kulipopambazuka Justin aliondoka na pikipiki ya Papa Kasereka, na pikipiki iliposhindwa akaenda kwa miguu. Alimkuta kesho yake kwenye mteremko juu ya kijito, amekaa kwenye tope, goti limevimba kama boga, na kuni bado mgongoni. Mama hakumfungulia mikono. Alijifunika uso kwa kitenge, akampigia kelele arudi kwa wafu wenzake. Justin aliniambia kwamba katika maisha yake yote, vita na mengine yote aliyoyaona, hakuna kilichomtisha kama kukataliwa vile. Ilibidi achukue kiazi kutoka kwenye mfuko wa mama yake, akile chote mbele yake, maana wafu hawali, ndipo mama akashusha kitenge.

Walimleta kwenye tipoyi, kile kiti cha kubebwa na wanaume wanne. Alipofika uani neno lake la kwanza lilikuwa, "Sauti ile iko ya nani?" Nikatoka jikoni, nikapiga magoti. Nilikuwa tayari kwa laana. Aliniangalia, akasema, "Uko na sauti nzuri, mutoto yangu. Nilikuamini mara moja. Sikuuliza hata muntu." Ningependa angenipiga. Alikaa wiki tatu katika chumba cha Justin, chenye kitanda kimoja na picha ya Bikira Maria, na mimi ndiye niliyempikia, kwa kuni zilezile za kilio. Nilimpikia maharagwe na ndizi, nilimkanda goti kwa maji ya moto, na yeye alinisimulia utoto wa mwanawe kana kwamba mimi ndiye niliyetoka safari. Siku ya kuondoka alinishika kidevu. "Sauti peke yake sitaamini tena," akasema. "Siku ingine, ukiwa na neno kwangu, kuya na miguu yako." Goti halikupona. Alitembea na fimbo tangu mwaka ule.

Yale yote ambayo Papa Kasereka aliniagiza niliyafanya asubuhi moja, na yalichukua muda mfupi kuliko kuchambua sombe ya watu watatu. Justin alikuwa nyuma yangu wakati naihamisha skripti kutoka SALONGO. "Sasa unanifungia?" akauliza. "Ndiyo, kaka. Na mimi mwenyewe najifungia." Akavuta kiti akaketi. "Njo vizuri," akasema. Vijana ninaowafundisha leo wananiita Mama Kufuli. Wakiandika kwenye faili ya mipangilio mstari wa kuita skripti ya nje nawauliza ni ya nani na nani anaigusa, nao wanatazamana na kutabasamu. Nami nawaacha watabasamu. Sijawahi kuwaeleza sababu, na Justin, aliyenisamehe siku ileile uani, ndiye pekee niliyeweza kucheka naye jambo lile.

Tulimzika Nyabiondo. Ugonjwa ulimchukua siku chache tu, na mama yake, sasa mzee sana, hakuweza kusafiri. Siku ya tatu baada ya mazishi mjukuu wa Mama Yosefina alinipigia kutoka Buleusa, sauti imemkauka. "Dada Riziki, bibi anakataa. Tulimwambia, akasema hapana. Radio ilisema, akasema radio ilishasema zamani. Kila siku anapika na kuweka kiti ya Papa Justin. Anasema akuye hapa ule mwenye alimuua mara ya kwanza, amwambie yeye mwenyewe." Niliondoka alfajiri. Pikipiki ilinifikisha ilipoweza, nikaendelea kwa miguu, na umri wangu huu si wa vilima vile. Karibu na kijiji, mtoni, nilisimama. Nikakata kuni, nikazifunga kwa kamba, nikazibeba.

Alikuwa ameketi jikoni, fimbo ukutani, macho yamefunikwa na utando mweupe. Chungu kilikuwa kinachemka na kiti kilikuwa tupu. "Nani?" akauliza. "Ni Riziki, mama." Mwiko ukasimama. "Riziki wa radio." Nikasema ndiyo. "Sema." Nikasimama pale mlangoni nikasema, familia ya Mama Yosefina wa Buleusa inasikitika kuwatangazia, nikayamaliza yote mpaka jina la Justin. Alisikiliza hadi mwisho. Uso wake haukubadilika. "Ile siku pia ulisema vizuri," akasema. Nikasogea, nikapiga magoti mbele yake. Basi akanyoosha mkono, ukanikuta bega, ukafuata kamba mpaka mgongoni. Akashika ukuni mmoja, akauacha, akashika mwingine. Vidole vyake vilikaa hapo muda mrefu. "Umebeba kutoka wapi?" "Kutoka mtoni, mama. Kwa miguu." Akavuta pumzi. "Shusha," akasema. "Hairudi nyumbani." Nikashusha kuni miguuni pake, na hapo ndipo Mama Yosefina alipoanza kumlilia mwanawe.